Kiitaliano cha stesheni: jifunze kusikia kabla ya kuuliza

Msomaji wa Malindi anauliza: "Ninauza vikoi na shanga pwani, kwa hiyo Kiitaliano cha wateja ninacho kidogo, kile cha ciao na quanto costa. Mwezi wa tisa nakwenda kumwona binti yangu anayesoma Padova. Nitateremka uwanja wa Fiumicino, Roma, na kutoka hapo nitapanda treni peke yangu mpaka Padova, maana siku hiyo yeye ana mtihani. Baadaye ningependa kuiona Venice pia. Nijifunze maneno gani ya treni na basi ili nisipotee?"

Mama, Kiitaliano ulicho nacho ni mtaji mzuri, ila ni Kiitaliano cha muuzaji: wewe ndiye unayeanza, mteja anaitikia, na ukikwama mnaoneshana vidole. Stesheni mambo yanageuka. Kipaza sauti hakisubiri, ubao unabadilika ukiutazama, na karani wa dirishani ana foleni ya watu kumi nyuma yako. Wanaopotea mara nyingi si wale wasiojua kuuliza. Huuliza vizuri, kwa sentensi waliyoikariri wiki nzima, kisha jibu likawapita kama upepo. Kwa hiyo nitakupa maneno ya kusikia na kusoma kwanza, na ya kusema nitayaweka pale yanapohitajika, kwa kufuata njia yako yenyewe.

Tuanze na ulimi. Vokali za Kiitaliano ni a, e, i, o, u kama zetu, na herufi husomwa zilivyoandikwa, kwa hiyo una nafuu kubwa. Mtego uko kwenye herufi ch, ambayo kwao ni kinyume cha kwetu. "Ch" husomwa k: "chiuso", yaani pamefungwa, ni kiuso. Nayo "c" peke yake ikifuatwa na e au i husomwa ch: "dieci" ni diechi. "Sc" mbele ya e au i ni sh: "uscita", mlango wa kutokea, ni ushita. "Gn" ni ny yetu: "bagno", choo, ni banyo. "Gl" mbele ya i inakaribia ly: "biglietto", tiketi, ni bilyetto. Herufi h haitamkwi kabisa, na z husikika ts au dz: "stazione" ni statsione. Konsonanti zikiwa mbili, kaa juu yake kidogo kabla ya kuiachia.

Mkazo nao. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Waitaliano hufanya hivyo mara nyingi, lakini si mara zote. Mji wa binti yako ni mfano: hausomwi Padóva, husomwa Pádova. Stesheni kuu ya Roma ni Términi, si Termíni. "Prossima", yaani inayofuata, ni próssima. "Sciopero", mgomo, ni shópero. Ukimwambia karani Padóva atakuelewa. Shida ni wewe, kwamba kipaza sauti kikisema Pádova haraka haraka, sikio lililozoea Padóva linaweza kuuacha mji upite.

Sasa saa, na hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapokosa treni huku akiwa ameelewa kila neno. Mtu akikwambia "alle sette", umesikia saba, na kichwa kinataka kwenda saa saba mchana. Yeye anasema saa moja asubuhi. Ratiba zao huhesabu kuanzia usiku wa manane mpaka 24, na huzisoma hivyo hivyo: 13:35 ni "tredici e trentacinque", kwetu saa saba na dakika thelathini na tano mchana. 19:10 ni "diciannove e dieci", kwetu saa moja na dakika kumi usiku. Ukitaka kugeuza, toa sita. Ikibaki zaidi ya kumi na mbili, toa kumi na mbili tena, na ikibaki sifuri, ndiyo saa kumi na mbili. Zile za alfajiri zisizotosha kutoa sita, ongeza sita: 5:00 ni saa kumi na moja. Lakini ushauri wangu ni usigeuze kabisa ukiwa stesheni. Ichukue namba kama ilivyo kwenye tiketi, uifananishe na namba iliyo kwenye ubao na kwenye simu yako, basi. Geuza unapompigia binti tu, na hata hapo mwambie "treni inaingia 15:20", kwa sababu aliyekaa Ulaya miaka miwili ukimwambia "nafika saa tisa" anaweza kukungoja asubuhi.

Namba zenyewe huchanganya kwa mikia. Kuanzia 11 mpaka 16 mkia ni "-dici": undici, dodici, tredici, quattordici, quindici, sedici. Kuanzia 17 "dici" inahamia mbele: diciassette, diciotto, diciannove. Makumi kuanzia 30 yana mkia "-nta": trenta, quaranta, cinquanta. Kwa hiyo sikiliza mwisho wa neno: tredici ni 13, trenta ni 30. Ukiwa na shaka, rudia namba ulivyoisikia huku ukionyesha vidole, "Binario tredici? Uno, tre?", yaani jukwaa la 13? Moja, tatu?, au toa kalamu useme "Me lo può scrivere?", yaani unaweza kuniandikia? Hakuna atakayekukatalia, na maandishi hayana lafudhi.

Jambo moja la adabu kabla hatujaondoka uwanjani. Kiitaliano cha ufukweni ni cha "tu" na "ciao", kwa sababu mtalii yuko likizo na anataka urafiki. Nchini kwao, mtu usiyemjua humwambii "scusa", unamwambia "scusi", hasa mtu mzima au aliyevaa sare. Na salamu hutangulia swali kama kwetu: "Buongiorno, scusi..." asubuhi na mchana, "Buonasera, scusi..." kuanzia alasiri. Swali lisilo na salamu hujibiwa kwa kidole. Neno "prego" utalisikia kila mahali, nalo linafanya kazi za karibu yetu: karibu ukae, karibu upite, karibu baada ya asante, karibu useme shida yako. Na "permesso" ni hodi. Hutumika mlangoni mwa nyumba ya mtu, na ndani ya basi lililojaa unapotaka kupita.

Fiumicino. Fuata "Ritiro bagagli" uchukue mizigo, halafu "Uscita", halafu mishale ya "Treni". Hapo kuna treni mbili na zote zinakwenda Roma, lakini si mahali pamoja. Leonardo Express inakwenda Termini bila kusimama popote, dakika 32, nauli euro 14. Nyingine ni treni ya mkoa, mstari FL1, yenye nauli ya chini, inayosimama Trastevere, Ostiense na Tiburtina. Hiyo haifiki Termini kabisa. Watu huipanda kwa kuvutwa na bei, wakajikuta upande mwingine wa mji na mizigo yao. Hata hivyo usiidharau. Tazama tiketi yako ya Padova. Ikiwa imeandikwa "Roma Tiburtina", na treni kadhaa za mwendo kasi husimama pale, basi FL1 ndiyo yako. Kabla ya kuingia uliza mtu yeyote aliyesimama mlangoni: "Questo treno va a Termini?" Jibu litakuwa "sì" au "no".

Angalia lilivyoundwa swali hilo, maana ndiyo siri ya kuuliza kwa lugha usiyoimudu. Ukiuliza "nifikeje Termini?" utamwagiwa maelezo. Ukiuliza linalojibika kwa ndiyo, hapana au namba, utaelewa. "Ferma a Padova?", inasimama Padova? "Devo cambiare?", ni lazima nibadilishe treni? "Da che binario parte?", inaondokea jukwaa gani? "Quante fermate?", vituo vingapi? Hayo manne yanatosha kukuvusha nchi nzima. Na jibu likianza na "Allora, guardi..." usihangaike nayo, ni sawa na "sasa, tazama..." mtu anapojipanga kusema. Yanayokuhusu huja baadaye: "a destra" kulia, "a sinistra" kushoto, "sempre dritto" moja kwa moja, "in fondo" mwisho kabisa kule, na "sottopassaggio", njia ya chini ya reli inayokupeleka jukwaa jingine.

Tiketi ya Roma mpaka Padova ni bora inunuliwe mapema mtandaoni, binti anaweza kukusaidia, kwa kuwa bei za treni za mwendo kasi hupanda kadiri siku inavyokaribia. Ila tahadhari na zile za bei ya chini kabisa: mara nyingi hazibadilishwi wala hazirudishwi, na ndege yako ikichelewa zimekufa. Kwa safari inayoungana na ndege, afadhali "Base", ambayo hubadilishwa. Makampuni ni mawili, Trenitalia ya serikali na Italo ya binafsi, na tiketi ya moja haipandi treni ya nyingine hata zikiwa zinakwenda mji mmoja.

Ukinunua dirishani, "biglietteria", karani ataanza kwa neno moja: "Dica", yaani sema. Wewe: "Buongiorno. Un biglietto per Padova, per favore." Kisha atakurushia maswali mafupi, na hayabadiliki. "Solo andata o andata e ritorno?" Kwenda tu, au kwenda na kurudi? "Per quando?" Ya lini? Jibu "oggi" leo, au "domani" kesho. "Prima o seconda?" Daraja la kwanza au la pili? Sema "seconda", linatosha sana. "Finestrino o corridoio?" Dirishani au pembeni mwa njia? "Contanti o carta?" Taslimu au kadi? Akikuuliza "Ha spiccioli?" anataka chenji ndogo ndogo.

Mashine za tiketi zina lugha kadhaa na hazina ugumu. Ugumu ni wasaidizi wanaojileta. Kwenye stesheni kubwa mtu hukusogelea, akabonyeza kwa niaba yako, kisha akadai pesa, au mwenzake akashughulika na mkoba. Sema "No, grazie, faccio da sola", hapana asante, nafanya mwenyewe, na umgeuzie bega. Hapa hutakiwi kutabasamu.

Ukifika Termini tafuta "Partenze", treni zinazoondoka. Usichanganye na "Arrivi", zinazofika. Kwenye ratiba za karatasi zilizobandikwa ukutani, za njano ni za kuondoka na nyeupe ni za kufika. Sasa kosa kubwa: utatafuta neno Padova kwenye ubao na hutaliona. Safu ya "Destinazione" huandika mwisho wa safari, na Padova iko katikati. Treni yako huenda imeandikwa Venezia S. Lucia, au Trieste, au Udine. Kwa hiyo usifuate jina la mji, fuata namba ya treni iliyo kwenye tiketi na saa yake. Safu ya "Bin." ni "binario", reli namba fulani, ndilo jukwaa lako. Mara nyingi hubaki tupu mpaka dakika chache kabla ya kuondoka, nawe usiingiwe na hofu, umati mzima ule unautazama ubao kwa sababu hiyo hiyo. "Rit." ni "ritardo", kuchelewa, kwa dakika. Neno "cancellato" au "soppresso" maana yake treni haipo leo. Kuna pia namba zenye mkia, kama "1 Est" au "20 bis". Si jukwaa la 1 wala la 20. Ni mahali pengine, pengine mwendo wa dakika kadhaa, kwa hiyo fuata vibao na usikate kona.

Kwenye stesheni kubwa kama Termini utaonyesha tiketi kabla ya kufika kwenye majukwaa. Kwingi kwingine hakuna geti wala mtu. Aliyezoea treni ya Mombasa kwenda Nairobi, ambako unakaguliwa kabla hujaiona treni, huona kama kila mtu anapanda bure. Ukaguzi uko ndani, na hauna huruma.

Tangazo la treni lina umbo moja siku zote, na ukilijua umbo huhitaji kuelewa maneno yote: "Il treno Frecciarossa... di Trenitalia, delle ore dieci e trentacinque, per Venezia Santa Lucia, è in partenza dal binario cinque. Ferma a..." Yaani aina na namba ya treni (Frecciarossa ni treni ya mwendo kasi ya Trenitalia), saa yake, inakokwenda, jukwaa, kisha vituo. Subiri neno "binario" na ukamate namba inayofuata. Maneno mawili tu ndiyo ya kukushtua. La kwanza ni "anziché", badala ya: "in partenza dal binario otto anziché dal binario cinque". Watu husikia nane, kisha tano, wakaenda tano kwa sababu ndiyo ya mwisho masikioni. Sivyo. Inaondokea nane. La pili ni "in ritardo di...", imechelewa dakika kadhaa. "Ci scusiamo per il disagio" ni kuomba radhi kwa usumbufu tu. "Allontanarsi dalla linea gialla" ni kukuambia urudi nyuma ya mstari wa njano, na hilo litii upesi, maana treni isiyosimama inapita.

Ndani, tiketi ina "carrozza", behewa, na "posto", kiti. Frecciarossa ni ndefu. Ukiingia behewa la 1 na kiti chako kiko la 8, utaburuta sanduku katikati ya magoti ya watu treni nzima. Muulize mfanyakazi kwenye jukwaa: "La carrozza otto, in testa o in coda?", mbele au nyuma ya treni? Ukikuta mtu kwenye kiti chako usimwambie ondoka: "Scusi, credo che questo sia il mio posto", huku ukionyesha tiketi. Mara nyingi yeye ndiye aliyekosea behewa. Na kwenye treni za mkoa, zisizo na namba za viti, uliza "È libero?" Atakujibu "sì, prego", au "è occupato", pana mtu.

Safari ya Roma mpaka Padova ni muda wa saa tatu na ushei, kupitia Firenze na Bologna. Mkaguzi, "capotreno", atapita akisema "Biglietti, prego". Kabla ya kila kituo husemwa "Prossima fermata...", kituo kinachofuata. Ukisikia Bologna, tulia. Ukisikia Pádova, uwe umekwisha simama na sanduku mkononi, kwa sababu treni ile haikai. Kwa tahadhari, mwambie jirani mapema: "Io scendo a Padova. Mi può avvisare?", nashuka Padova, unaweza kunijulisha? Waitaliano wakipewa amana hiyo huishika vizuri, na pengine behewa zima litakushusha.

Ikichelewa kufika, kuna haki yako. Kwa tiketi ya treni, kuchelewa kuanzia dakika 60 mpaka 119 unadai robo ya nauli, na kuanzia dakika 120 unadai nusu. Maneno ni "Vorrei chiedere il rimborso per il ritardo". Tunza tiketi.

Sasa Venezia, ambayo ubaoni hutaiona ikiitwa Venice, kama vile Florence hutaiona ila Firenze. Kutoka Padova ni karibu nusu saa kwa "Regionale Veloce", treni ya mkoa isimamayo vituo vichache. Huhitaji kununua mapema, bei haipandi. Lakini hapa pana kosa linalowatoza faini wageni wasio na nia yoyote ya kudhulumu. Tiketi ya Frecciarossa ina siku, saa na kiti chake, haigongwi muhuri. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa haina treni maalumu, kwa hiyo ni lazima uigonge mwenyewe kabla ya kupanda, kwenye kimashine kilichofungwa ukutani au kwenye nguzo njiani kuelekea jukwaani. Neno ni "convalidare". Wengine husema "timbrare" au "obliterare", yote ni hilo hilo. Ingiza ncha ya tiketi, sikia mlio, tazama kama tarehe na saa zimeandikwa. Tangu hapo una muda wa saa nne. Kwa nini wanakuwa wakali? Kwa sababu tiketi isiyogongwa inaweza kutumika tena kwa safari nyingine, na mkaguzi hawezi kujua kama wewe ni mgeni au mjanja. Tiketi ya simu nayo huwashwa kwa kubonyeza "check-in" kabla treni haijaondoka.

Kimashine kikiwa kibovu, kitakuwa kimeandikwa "guasto" au "fuori servizio". Jaribu kingine. Vyote vikigoma, andika kwa kalamu tarehe, saa na jina la kituo kwenye tiketi, kisha ukipanda mtafute capotreno wewe, usimngoje akutafute: "Scusi, la macchina è guasta, non sono riuscita a convalidare." Kumtangulia ndiko kunakoonyesha nia njema. Aliyekaa kimya mpaka aulizwe huandikiwa "multa", na machozi hayaifuti.

Treni ikikaribia utasikia "Venezia Mestre". Usishuke! Mestre ni mji wa bara, wenye magari na majengo ya kawaida. Unayotaka ni ya mwisho, "Venezia Santa Lucia", baada ya kuvuka daraja refu juu ya maji. Ukitoka nje ya stesheni mfereji uko mbele yako, na kama Lamu mjini, hapa usafiri ni miguu na vyombo vya majini. Basi la hapo ni "vaporetto", na kituo cha mbele ya stesheni hakiitwi Santa Lucia, kinaitwa "Ferrovia", yaani reli. Likariri neno hilo, ndilo la kukurudisha jioni. Tiketi moja ni euro 9.50 kwa dakika 75, ghali kweli, na unaigusisha kwenye mashine kabla ya kupanda. Mstari wa 1 unapita mfereji mkubwa ukisimama karibu kila kituo, wa 2 una haraka zaidi. Mwambie yule anayefunga kamba: "Va a San Marco?", kinakwenda San Marco, kwenye uwanja mkuu wa mji? Chombo cha namba hiyo hiyo huenda pande zote mbili, kwa hiyo uliza hata ukiwa na uhakika wa namba.

Kwenye mabasi ya mjini hakuna makanga wa kukuita wala wa kumwambia shusha. Nunua tiketi kabla, "dal tabaccaio", kwenye duka la sigara lenye kibao cha herufi T kubwa, au "in edicola", kibanda cha magazeti. Ukipanda, igonge. Ili kushuka bonyeza kitufe, taa itaandika "fermata prenotata". Mtu nyuma yako akikuuliza "Scende?" anataka kujua kama unashuka. Kama hushuki, sema "no, prego" na umpishe. "Capolinea" ni mwisho wa safari, wote huteremka. Na "pullman" kwao si behewa la kulala, ni basi la kwenda miji mingine.

Maneno mawili ya ratiba hudanganya. "Feriale" inanukia sikukuu, kumbe ni siku za kazi, Jumatatu mpaka Jumamosi. "Festivo" ndiyo Jumapili na sikukuu, na siku hizo vyombo hupungua sana. Na "coincidenza" si bahati, ni treni ya kuunganishia. "Ho perso la coincidenza" ni sentensi ya kumwambia karani treni ya kwanza ilipokuchelewesha ukakosa ya pili, naye atakutafutia nyingine.

Migomo ipo, na hutangazwa mapema. Usiku wa kuamkia safari muulize binti, au mtu wa stesheni, "Domani c'è sciopero?" Siku ya mgomo, treni za mkoa hulindwa saa za wafanyakazi kwenda na kurudi, kwa siku za kazi kuanzia 6:00 mpaka 9:00 na 18:00 mpaka 21:00. Nje ya hapo usitegemee kitu.

Ukiibiwa, sema "Mi hanno rubato la borsa", wameniibia mkoba, na umtafute "polizia" wa stesheni. Namba ya dharura ni 112. Ukipotea: "Mi sono persa." Usizibadili hizo a za mwishoni kwenye persa, sola na riuscita, ni za mwanamke. Halafu usiongeze maelezo, mpe karatasi. Karatasi hiyo iandike ukiwa bado Malindi, kwa herufi kubwa: anwani ya binti, simu yake yenye namba ya nchi, namba ya treni, saa ya kuondoka kwa hesabu ya 24, carrozza na posto. Iweke kwenye mfuko wa nguo unayovaa, si ndani ya sanduku.